Kula ya Diwani

Fundi wa baiskeli pale Kibomet hushika spoki moja moja kwa vidole viwili, halafu huzungusha gurudumu na kulisikiliza. Wiki hii anasikiliza redio tu. Ijumaa Kitale inapata meya mpya, na wagombea ni wawili: mmoja ameapa kuondoa baiskeli zote za bodaboda mjini, mwingine anataka zichorewe njia yao kando ya lami. "Huyu wa kwanza amesoma," fundi aliniambia nikingoja pancha yangu izibwe, "lakini sasa mimi nitatengeneza nini, bana? Ndege?" Shida ni kwamba sisi raia hatupigi kura hiyo, ni madiwani peke yao. Kwa hivyo leo diwani wetu alipopita, fundi aliinuka, akapangusa mikono kwenye suruali mara tatu, akauliza kwa ule ulimi wake wa Matulo, unaogeuza kila "r" kuwa "l":

"Mheshimiwa, kula yako unapeleka wapi?"

Diwani alicheka mpaka kofia ikateleza. "Kula? Si nilikula jana kwa yule msomi! Mbuzi mzima, mzee wangu!"

Watu wakacheka. Fundi pia akacheka, kidogo. "Mimi nauliza ile ya kalatasi."

"Ni hiyo hiyo," diwani akasema, na sasa hakuwa anacheka. Akaenda zake.

Fundi akainama, akakaza nati ya gurudumu langu, akailegeza, akaikaza tena. Nikamwambia imeshika. "Ngoja," akasema bila kuniangalia. "Ngoja kwanza."