Picha za Kaka Zilivyohamia D

Siku ile draivu C ya kompyuta ilikuwa imejaa mpaka mstari wake umegeuka mwekundu, na duka la baba mdogo pale Tarime lilikuwa limejaa wachimbaji wanaotaka kuwekewa nyimbo kwenye simu. Dhahabu ilikuwa imetoka. Kompyuta ikawa inagandaganda. Mmoja wao, mwenye damu kavu kwenye shati, akamkwida baba mdogo.

"Mura, mashine ndiyo imekufa au nikuue wewe?"

Baba mdogo akanigeukia mimi niliyekaa kwenye kompyuta. "Futa mapicha hayo! Marehemu haleti wateja."

Marehemu ni kaka yangu. Wachimbaji wenzake walimponda kwa mawe kwenye kifusi cha mgodi wakigombea kiroba cha mawe ya dhahabu, na jeneza lake hatukulifungua. Sura yake nzima imebaki kwenye folda ya picha ya kompyuta ile, kwingine hakuna.

Mimi siongei mbele za watu. Nikasema chini chini, "Nazihamishia D, baba mdogo."

"Haraka, kabla sijakupasua."

Nikabonyeza folda kwa kitufe cha kulia, nikatafuta panapoonyesha inakokaa, nikaandika D. Ikauliza kama ihame na vilivyomo, nikakubali. C ikapata nafasi. Lakini folda ikaendelea kuonekana palepale kushoto, kama haijaenda popote.

"Umehamisha au umekopi?" baba mdogo akafoka. "Hili boma tupu linafanya nini hapa?" Akanyakua mausi aifute folda.

Nikamng'ata mkono. Mimi, ambaye hata shikamoo yangu huwa haisikiki. Akanitandika kibodi usoni, herufi zikaruka sakafuni. Wachimbaji wakacheka, "Ongeza, mzee, huyo bado ana meno!"

Nikatema damu, nikapiga kelele. "Siyo boma tupu! Ni kama ng'ombe wetu walioko kwa shangazi, ng'ambo ya mpaka wa Sirari! Wako kule, lakini ni wa hapa. Ukisema hapa wachinjwe, kule wanachinjwa!"

Akaganda na mausi mkononi. Naye alikuwa amewaficha ng'ombe wa kwake hukohuko, wezi wasiwafikie. Akafungua folda. Kaka akatokea anacheka, na meno yote yapo.

Baba mdogo akapangusa kioo kwa mkono uleule niliomng'ata, damu yake ikabaki shavuni mwa kaka. Halafu akamgeukia yule aliyemkwida.

"Haya. Wimbo gani?"