Mama Nyufa na Kisima Kilichogoma Kupoa

Majirani walimwita Mama Nyufa, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Alipohamia mtaani, fundi cherehani wa jirani alimuuliza anafanya kazi gani, naye akajibu kwa mkato, "Nashughulika na nyufa." Haukupita muda fundi akabisha hodi, akamwomba akamtazamie ukuta wa duka lake. Mwanamke wa watu alijieleza mpaka koo likamkauka: nyufa zake ziko chini kabisa ardhini, kwenye miamba ya moto, na hajawahi kuziona kwa macho. Fundi alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akauliza, "Kwa hiyo saruji nilete mimi?"

Alikuwa mtaalamu katika kituo cha umeme wa jotoardhi, nje kidogo ya mji. Pale maji yalishushwa kwenye kisima kimoja, yakapenya kwenye nyufa za mwamba wa moto, yakabeba joto, kisha yakatokea kwenye kisima kingine yakifoka mvuke wa kuendeshea mitambo. Kazi yake ilikuwa kuuchora mwamba ule kwenye kompyuta na kupiga hesabu: maji yatapita wapi, yatachukua joto kiasi gani, na mwamba utachukua muda gani kupoa.

Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi naye na mumewe, alipelekwa siku moja kuiona ofisi. Akaikodolea macho skrini iliyojaa rangi.

"Nyekundu ni nini, mwanangu?"

"Mwamba wenye joto, mama."

"Na bluu?"

"Mwamba uliopozwa na maji."

"Haya, na umeuona lini?"

"Sijauona, mama. Nakadiria."

Walipofika nyumbani, mama mkwe alimvuta mwanawe pembeni. "Mke wako analipwa kwa kukisia," akamwambia. "Mshike vizuri huyo, usimwachie."

Kituoni, visima vilipewa majina kama watu. Kilichopendwa kuliko vyote kiliitwa Shangazi, kwa sababu kilikuwa hakinyamazi. Ukikifungua vali tu, mlio wake unasikika hadi getini. Aliyekitoboa ni mkuu wa wachimbaji, mtu wa miraba minne ambaye wote walimwita Keekee, kwa jina la chombo chake cha kutobolea. Alikisifia Shangazi kama mtu anavyomsifia binti yake aliyefaulu mitihani.

Basi fikiria uso wake siku ile kwenye mkutano, Mama Nyufa aliposimama na kusema kwamba Shangazi angeanza kupoa kabla mwaka haujaisha. Hesabu zilimwonyesha ufa mmoja mpana unaoyapitisha maji moja kwa moja hadi kisimani, bila kuyapa nafasi ya kupata moto. Akashauri maji yapunguzwe; hata hivyo, alisema, kisima kingepoa mwaka huohuo, ila kidogo. Meneja akakubali.

Keekee alimfuata mlangoni. "Umemchuria Shangazi," alisema, na tangu siku hiyo salamu zikakatika.

Mwaka ukaisha. Shangazi hakupoa hata chembe. Kilichopungua ni mvuke, maana maji yenyewe yalikuwa yamepunguzwa, na meneja akaanza kukunja uso kila anapopita mlango wa Mama Nyufa. Kantini nako utani ukapamba moto. "Jamani, leteni sweta," mmoja angesema, "Shangazi anasikia baridi!" Wote wangeangua kicheko, isipokuwa Keekee, aliyeendelea kula kimya, na kimya chake ndicho kilichomuuma Mama Nyufa zaidi. Akaanza kulia chakula chake mezani kwake, mlango ukiwa umefungwa.

Mume wake, muuguzi, alimvumilia kwa muda. Jioni moja, wakikunja nguo pamoja, uvumilivu ukamwisha.

"Hebu nielewe vizuri. Mgonjwa uliyesema hali yake ni mbaya, amepona?"

"Hakuwa mgonjwa. Nilikosea."

"Sawa, ni mzima. Na wewe umenuna?"

"Wananicheka!"

"Wacha wacheke. Mimi mgonjwa niliyemkatia tamaa akiinuka kitandani, wodi nzima inajua. Naimba mpaka matroni ananifukuza."

Alitaka kuendelea kununa, lakini aliikumbuka sauti ya mumewe ya kuimba, akacheka kwa nguvu hadi shuka likamtoka mkononi.

Kesho yake alimwendea meneja akaomba jaribio. Yeye na dada wa maabara walimwaga rangi isiyo na madhara kwenye kisima cha kushushia maji, kisha wakawa wanachota maji ya Shangazi na kuyapima. Kama kweli ulikuwepo ufa mmoja mpana, rangi ingetokea haraka na yote kwa mkupuo. Haikutokea haraka. Na ilipokuja, ilikuja kidogo kidogo, kwa majuma mengi, kama wageni wa arusi wasiojua saa.

"Hii inatoka wapi yote?" dada wa maabara alishangaa.

"Vichochoroni!" Mama Nyufa alipiga meza. "Mimi nilichora barabara kuu, kumbe kule chini ni vichochoro vitupu!"

Ndivyo ilivyokuwa. Maji yaligawanyika kwenye nyufa nyembamba zisizohesabika, yakawa yanaugusa mwamba kila upande na kuokota joto taratibu kutoka eneo kubwa sana. Alichora upya, akapiga hesabu upya, na safari hii kompyuta ikatoa joto lilelile lililosomwa kwenye geji mwaka mzima. Akazisukuma hesabu miaka mingi mbele. Shangazi angekuwa bado anafoka hata watoto wa Mama Nyufa wakiwa na watoto wao.

Kwenye mkutano alisimama akitabasamu mpaka wenzake wakatazamana. "Nilikosea," alisema, "na sijawahi kufurahi hivi. Rudisheni maji yote."

Keekee akainuka.

"Hapa ndani Shangazi hakusikii," alisema. "Twende ukamwambie mwenyewe."

Wakatoka wote, meneja akiwa nyuma na kofia yake ya usalama imekaa upande. Mama Nyufa akakiomba radhi kisima mbele ya umati, huku Keekee akiitikia kwa niaba ya Shangazi, "Tumekusamehe, mwanangu." Maji yaliporudishwa, mvuke nao ukapanda siku baada ya siku, na mikunjo ya meneja ikaondoka usoni.

Siku hizi Keekee hashushi mtambo mahali popote kabla hajapita ofisini kwa Mama Nyufa. Juzi aliingia na viatu vya matope, akajitupa kwenye kiti.

"Haya, shemeji, kisima kijacho nitoboe wapi?"

"Sijui bado."

"Lini utajua?"

"Nikishakosea mara mbili tatu."

Keekee akavua kofia, akasogeza kiti karibu na skrini. "Basi anza kukosea mapema," alisema, "mimi nipo."