Mota ya Wageni wa Baba

Baba yangu alikuwa mkubwa wa ofisi ya uvuvi hapa Uvira, na alipigwa mbele ya nyumba yetu ya Kilibula na watu waliokuwa wakimwita shemeji. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani nitampamba.

Chanzo kilikuwa mota ya mtumbwi. Maofisa wa serikali ya ng'ambo ya ziwa walikuja kuzungumzia mipaka ya uvuvi, wakamwachia mota mpya. Mama, aliyefundisha elimu ya uraia, alimwambia airudishe siku hiyo hiyo. Katiba inamtaka mtu wa serikali asimame upande wa nchi yake, alisema, na zawadi ya serikali nyingine haiingii nyumbani kwake. Baba akacheka. Kwetu kitu cha wizi ndicho hufichwa. Cha halali hupelekwa mbele ya watu. Jumapili akaipeleka kanisani, kama wengine wanavyopeleka ndizi na kuku wa shukrani. Mchungaji akaiombea, tukapiga vigelegele, kisha tukairudisha nyumbani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Baba aliamini kabisa kwamba kwa kuwa kila mtu ameiona, imetakata.

Haukupita muda, askari wa serikali ile ile wakawakamata wavuvi wetu majini. Mtoto wa mjomba wangu, kaka ya mama anayevua Makobola, alirudi na jicho lililopasuliwa kwa kitako cha bunduki. Mjomba akamwomba baba awalaumu wakubwa wa ng'ambo waziwazi. Baba alisema kesho. Kesho yake akasema tungoje kidogo. Nilimchukia kwa ile sauti yake ya upole.

Basi wavuvi wakaja wenyewe, mchana kweupe, na makasia mikononi. Waling'oa lango. Walimburuta baba kutoka mezani mpaka nje, ugali bado mdomoni, wakampiga mgongoni na mikononi mpaka nikasikia mfupa ukivunjika. Mama alijitupa juu yake. Wakamvuta kwa nywele, wakamsukumia ukutani. Mjomba peke yake hakupiga. Alichuchumaa karibu na uso wa baba.

"Shemeji, sema tu mbele ya hawa watu kama wale maaskari walikosa. Sema, tunakwenda."

Kitu rahisi hivyo. Baba alitema damu, akaitazama mota iliyofunikwa kitambaa pale barazani.

"Miye siwezi kutukana mukono yenye ilinipatia kitu."

Makasia yakapanda tena. Nilijua safari hii wanamuua. Nikachukua shoka la kuni nikaivamia ile mota. Kifuniko kikapasuka, mafuta yakanirukia usoni, nami nikapiga tu huku nikilia kwa hasira. Wanaume wakasimama kunitazama. Nilidhani nikiivunja, mdomo wa baba utafunguka.

Baba alijivuta kwa kiwiko, mkono uliovunjika ukiburutika mavumbini, akanishika mguu.

"Acha, weye mutoto. Wageni wangu wakirudi, nitawaambia nini?"

Hapo hasira ilinitoka yote, nikabaki na aibu. Mjomba alikuwa amesikia. Aliwaambia wenzake washushe makasia, akaenda kumwinua mama pale ukutani na kumpangusa damu ya midomo.

"Dada, twende nyumbani," alimwambia. "Huyu bwana yako iko wa ng'ambo."

Mama alimtazama baba pale chini. Kisha akafunga vizuri kitenge chake, akamfuata kaka yake.