Mlango Usiofunguka kwa Ndani

Mtaa mzima ulimwita Kiwembe, na jina lilimkaa kweli. Alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba yake mwenyewe, kina kiti kimoja, benchi la wateja, na kioo kikubwa kinachotazamana na mlango. Kinyozi huipa barabara mgongo kutwa nzima, lakini kwa kioo kile Kiwembe hakupitwa na kitu: nani kanunua nini, nani kanuniana na nani, mtoto wa nani kavuka bila kuangalia. Wateja walimtania kwamba ana macho mawili usoni na mengine mawili ukutani. Alikuwa akicheka nao, mpaka siku alipoliona lile gari.

Mkewe alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Shuka, mapazia, makoti ya madaktari, kusimama kuanzia asubuhi mpaka miguu inajaa. Zamani alirudi kwa basi na kumalizia kwa miguu. Kisha mtunza stoo wa hospitali, ambaye kwake kulikuwa mbele zaidi, akaanza kuwapa lifti.

"Tunapanda watatu," mkewe alimwambia. "Wenzangu wanashuka njia panda, mimi nashuka mwisho."

Sawa. Lakini njia panda haionekani kwenye kioo! Kilichoonekana ni gari dogo, kuukuu, jeupe lililogeuka rangi ya maziwa mgando, taa moja ya nyuma imefungwa kwa utepe mwekundu. Linasimama ng'ambo. Anashuka mwanamume mrefu, ndevu zimechongwa vizuri, na hazikuchongwa pale kibandani. Anazunguka mbele ya gari, taratibu kama mwenye kiwanja, anamfungulia mke wa mtu mlango. Kama bibi harusi! Kila jioni ya Mungu!

Jamani, wivu ukimpanda mtu mwenye wembe mkononi, anayeumia ni mteja.

"Kiwembe, hilo ni sikio langu!"

"Samahani, mzee. Tulia tu."

Jioni moja uzalendo ukamshinda. Akamuuliza mkewe hata kabla hajavua viatu: "Yule bwana anakufungulia mlango kwa nini? Wewe huna mikono?"

"Mlango wake mbovu."

"Mbovu wa kungoja mwanamume azunguke?"

Mkewe akamtazama, akaguna, akaenda kuoga.

Wiki hiyohiyo akaja shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi magari. Alikuja kunyolewa, na huku kashikwa kichwa akasema, "Shemeji, kuna gari limeachwa gereji kwangu linauzwa. Bei ya kutupa. Wewe si una leseni tangu enzi zile za kusambaza mikate?"

"Kizuri chajiuza, shemeji, kibaya chajitembeza. Hilo linanitafuta mpaka kwenye kiti changu?"

Alisema hivyo mdomoni tu. Moyoni alikwisha kujiona yuko nje ya geti la hospitali, kiwiko dirishani, anamsubiri mkewe. Akiba alikuwa nayo, ila ilikuwa ya kiti cha pili, ili amwajiri kinyozi mwenzake na yeye apumzike mgongo. Walikuwa wamekubaliana na mkewe. Asubuhi yake akafunga kibanda, akaenda kuangalia. Kuangalia si kununua.

Alipofika gereji, shemeji akamwonyesha gari lenyewe. Rangi ya maziwa mgando. Utepe mwekundu kwenye taa.

"Mwenyewe kapata jipya," shemeji akasema. "Lina kiyoyozi."

"Kiyoyozi!" Kiwembe akarudia, na neno lilitoka kama tusi. Kwa hiyo mkewe sasa atapulizwa upepo baridi, na yeye avae kiatu alichokivua mwenzake?

Shemeji hakujua la moyoni, akaendelea na yake. "Sikufichi, wewe ni ndugu. Injini nzima, gia nzima. Sakafu imeanza kuliwa na kutu, dirisha la abiria halishuki. Ukitaka gari la fahari, hili silo. Ukitaka la kukutoa hapa kukupeleka pale, chukua." Kisha akaitwa, akaingia uvunguni mwa lori.

Mnunuzi hukaa kwenye usukani. Kiwembe akaenda kukaa kiti cha abiria, akajifungia mlango. Kiti kilikuwa kimelazwa nyuma kidogo. Pale pa kuegemeza kichwa palikuwa na doa la mafuta. Mwingine angeona uchafu tu, lakini huyu alikuwa ameshika vichwa vya watu tangu ujana wake. Kichwa kilichokaa macho huacha doa la duara. Kikilala, huteleza kuelekea dirishani na doa hufanya mkia. Doa hili lilikuwa na mkia. Akalinusa. Mafuta ya nazi na mrehani, aliyoyachemsha yeye mwenyewe, kwa mikono yake, na asimpake mtu mwingine ila mkewe.

Amelala humu! Mke wangu anajilaza humu, ubavuni kwa mwanamume!

Alitaka kutoka, aende popote, amkunje mtu yeyote shati. Akavuta kitasa. Kimya. Akavuta kwa mikono miwili. Akakumbuka dirisha, nalo halikusogea. Jua lilikuwa likipiga paa, jasho likamtiririka mpaka kwenye kope. Angeweza kutokea upande wa usukani, lakini mwenye hasira haoni milango miwili kwa mpigo. Akagonga kioo.

"Shemeji! Wee, shemeji! Nakufa huku!"

Fundi akatoka uvunguni, akafuta mikono kwa kitambaa, akazunguka mbele ya gari, taratibu, akamfungulia.

"Pole, shemeji. Huu haufunguki kwa ndani, mpaka mtu azunguke. Kwani dada hajakuambia?"

"Aliniambia," Kiwembe akajibu, na uso ulimwaka kwa aibu.

Basi, la mlango likaisha. Lakini la doa je? Jioni alimkuta mkewe anakunja nguo za watoto, akasimama mlangoni.

"Unalala kwenye gari la yule bwana?"

"Nalala," mkewe akasema, wala hakuacha kukunja. "Kila siku. Wenzangu wakishuka tu, nalala mpaka hapa."

"Kwa nini?"

"Kwa nini? Nimesimama kutwa, bwana wewe. Nikiketi pahali laini usingizi unanichukua. Na yule mzee hana maneno. Anasikiliza redio yake, hanitazami, haniulizi."

"Na hapa nyumbani hulali?"

"Hapa naulizwa."

Neno hilo lilimwingia. Angekiri mapenzi, Kiwembe angejua la kufanya: angefoka, angeita wazee, angekwenda kumsubiri mtu kwenye geti. Lakini utamshitaki mtu kwa usingizi? Akaukumbuka mgongo wa mkewe kitandani, umeelekea ukutani, na pumzi za mtu aliye macho. Kumbe usingizi anao! Anaumalizia kwa mtunza stoo! Roho ilimuuma kuliko jana na juzi.

"Nataka kulinunua lile gari," akasema.

"Na kiti?"

"Kiti kitasubiri."

Mkewe akaweka chini kanzu ya mtoto. "Kama unalinunua kwa sababu ya miguu yangu, nunua, nitashukuru. Kama unalinunua kwa sababu ya yule mzee, acha."

"Nakununulia wewe," Kiwembe akasema, na nusu yake ilikuwa kweli.

Akalinunua. Siku ya kukabidhiwa ufunguo, shemeji akasema, "Acha nikutengenezee na mlango. Kitasa kipo, kazi ya muda mfupi."

"Uache hivyohivyo."

"Shemeji, utachoka kuzunguka."

"Uache, nimesema." Alikuwa ameshajiona akizunguka mbele ya gari, taratibu, benchi zima la wateja likimtazama.

Jioni akapiga shati pasi, akaenda hospitali. Wanawake wa kufulia wakatoka, vicheko kibao. Wawili wakaingia nyuma, mkewe mbele. "Leo tunaendeshwa na mwenye mali!" wakasema, na Kiwembe akavimba kichwa. Mtunza stoo akapita na gari lake jipya, vioo vimepandishwa, akampungia mkono kwa wema kabisa. Kiwembe akaitikia kwa kidevu.

Njia panda wale wawili wakashuka. Ndipo mkono wake ukapanda wenyewe, ukakigeuza kidogo kioo cha ndani. Ni desturi ya kinyozi: kabla ya lolote, uso wa aliyeketi uwe katikati ya kioo. Uso wa mkewe ukaingia. Alikuwa amekaa wima, mkoba magotini, macho yamefunguka.

Kiwembe akasubiri. Wakapita soko, wakapita shule. Akatazama kioo. Macho. Wakapita kituo cha mafuta. Akatazama tena.

"Lala basi. Kiti kinalala hicho."

"Sina usingizi."

Honi ya lori ikalia nyuma yao, karibu kabisa, naye Kiwembe hakuwa ameliona. Akaukata usukani pembeni, lori likapita likiwaachia vumbi na matusi.

"Ulikuwa unatazama nini?" mkewe akauliza.

"Barabara."

Mkewe akanyoosha mkono, akakigeuza kioo kielekee nyuma, kilikotakiwa kuelekea. "Barabara iko huko," akasema.

Walipofika nyumbani, benchi lilikuwa limejaa wateja wanaomsubiri. Kiwembe akasimama ng'ambo, akazima gari. Hii ndiyo dakika aliyoilipia. Akashuka, akazunguka mbele ya gari, taratibu, akafungua mlango. Mkewe hakushuka upesi.

"Kesho umpelekee mdogo wangu autengeneze huu mlango."

"Mimi sioni shida kuzunguka."

"Najua huoni shida," mkewe akasema. "Mimi si mteja wako wa kufungwa shuka shingoni."

Akashuka, akawasalimu wateja mmoja mmoja, akaingia ndani. Kiwembe akabaki ameshika mlango. Akainua macho, na ndani ya kibanda, kwenye kile kioo kikubwa, akaliona gari jeupe limesimama ng'ambo na mwanamume kando yake ameshika mlango. Alimtazama kwa muda mrefu. Hakumwonea wivu hata kidogo.