Piano Isinyamaze

Kila Jumapili Reinhold anapokuja kumchumbia Hedwig, mama mtu hatulii. Bi Ottilie Krahmer, mjane wa mfunga vitabu hapa Leipzig, anajua desturi: msichana apige piano, kijana amfunulie kurasa za nota, mama akae jikoni masikio wazi. Piano ikinyamaza, mama anaingia. Yeye mwenyewe alibusiwa mara ya kwanza piano ikiwa kimya.

Jumapili moja Hedwig alipiga kile kipande chake kifupi cha muziki wa usiku, laini kama pumzi. Kilipoisha kikaanza upya, safari hii kwa vishindo.

"Huyu leo anapiga au anatwanga?" mama akanung'unika. Akamwaga kahawa, akakaa, akasimama. Kilipoanza tena uvumilivu ukamwisha, akasukuma mlango.

Reinhold alikuwa peke yake kwenye piano, jasho linamtiririka.

"Hedwig yuko wapi?"

"Ametoka kidogo, mama. Kasema nisiache kupiga, eti kukiwa kimya unaingiwa na wasiwasi."

Bi Ottilie akachungulia nyuma ya mlango. Sanduku la safari la Hedwig, ambalo hukaa hapo siku zote, halikuwepo. Akaketi.

"Endelea kupiga, mwanangu," akasema. "Usinyamaze."