Kaburi Kando ya Mpapai

Niliposikia jembe likigonga ardhi nyuma ya nyumba, nilidhani baba anapalilia. Nikatoka na bakuli la uji mkononi, nikamkuta jirani yetu Mwanamkuu amejifunga khanga kiunoni, anachimba kando ya mpapai kwa jembe letu wenyewe. Shimo lilishamfika magotini.

"Shikamoo mama Fikiri. Unachimba nini?"

"Marahaba. Kaburi la shangazi yako," akajibu bila kuinua kichwa. "Mwenyewe keshaamua kufa, mimi nimngojee nini?"

Uji ulinimwagikia mguuni na sikusikia hata moto wake. Shangazi Dafrosa alikuwa hai, amelala chumba kile kile kinachotazama mpapai, na dirisha lilikuwa wazi.

Shangazi alikuwa mkulima wa mpunga na karanga kule Kigwa, mjane, mwanamke wa miguu. Treni ikichelewa yeye hangoji. Anajitwika kapu lake anakuja Tabora kwa miguu, na jioni yuko kwetu Chemchem anatucheka tulivyo wavivu. Alipenda kutukumbusha kwamba babu wa babu yake alikwenda Pwani na mzigo begani, akarudi mzima. Basi kovu la moto la tangu utotoni lilipofumuka kifundoni na kuwa kidonda, alilificha chini ya khanga mpaka likaanza kunuka. Hospitali walikata kinyama wakakipima, wakasema ni saratani. Haijapanda, alisema daktari. Mguu ukikatwa sasa, chini ya goti, anaweza kuishi miaka mingi. Ukiachwa, hapana.

"Nitazikwa na miguu yangu yote miwili," shangazi akasema, akageukia ukutani.

Kilichonichoma roho ni jinsi kila mtu alivyomsaidia kufa. Wageni waliingia wakinyata, wakanong'ona, wakatoka wakifuta machozi. Jumuiya walikuja kusali, wakaimba nyimbo za msibani. Mama mmoja alinifuata jikoni kuniuliza shangazi angependa azikwe na kitenge gani, nami nikamwonyesha mlango. Hata baba yangu Raymundi, kaka yake, katekista anayewafokea maharusi kanisani, alimwongelesha taratibu kama anambembeleza mtoto alale. Hakuna aliyetaja neno mguu. Uji ulikuwa unarudi jikoni kama ulivyokwenda. Siku ya upasuaji ilikuwa inakaribia, na daktari alisema hawezi kumkata mtu asiyekubali.

Sasa huyu Mwanamkuu ni Mzaramo wa Pwani, aliletwa Tabora na marehemu mumewe wa reli, anakaanga vitumbua barazani kwake. Tangu enzi za misafara ya wapagazi Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani. Mtani anaweza kukutukana, kukuchukulia kuku, hata kukulilia ungali hai, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Yote hayo nilikuwa nayajua. Lakini kaburi? Kwa mgonjwa wa kweli?

Baba alitoka mbio amevaa singlendi. "Mwanamkuu, acha hiyo kazi. Mgonjwa anasikia."

"Ndiyo maana nimechimba karibu."

Ukatekista wote ulimwishia baba pale pale. Hakuna Mnyamwezi mwenye ruhusa ya kumfukuza mtani.

Mwanamkuu akachukua ufito, akaingia ndani na udongo miguuni, akaanza kumpima shangazi kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo. Mimi nilisimama mlangoni, mikono kichwani.

"Mrefu huyu," akasema. "Atanichosha."

Shangazi akageuka. "Mtani, unafanya nini?"

"Nakupima. Lakini wewe una roho mbaya. Ungekubali huo mguu ukatwe, tungeuzika mwaka huu nikala ubwabwa wa msiba. Mwenyewe tungekuzika ukiwa kikongwe, nikala wa pili. Sasa unataka kunidhulumu ubwabwa mmoja."

Baba alipiga ishara ya msalaba. Mimi nilitamani kumshika yule mama nimtupe nje.

"Na Mnyamwezi gani anauawa na mguu?" akaendelea. "Wazee wenu walifika kwetu nyayo zimevimba kama viazi, wanalia, mpaka wazee wetu wakawakanda kwa maji ya moto. Kumbe ulichorithi ni kilio tu."

Shangazi akajiinua, akakaa. Nilijua anampiga. Badala yake alicheka. Kicheko kilitoka vibaya, kimechanganyika na kikohozi na makamasi, na katikati yake kikageuka kilio.

"Mwongo mkubwa wewe," akasema. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Naogopa, mtani. Naogopa kisu. Naogopa kutambaa."

Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza kama anaogopa. Mwanamkuu akaweka ufito chini, akakaa kitandani, akamshika ule ule mguu unaonuka, tena bila kuziba pua.

"Najua. Hata mimi ningeogopa. Utaogopa, na utakatwa."

Shangazi akaniangalia. "Uji uko wapi?"

Mguu ulikatwa. Hospitali walitukabidhi ukiwa umefungwa vizuri, tukauzika kando ya mpapai, maana shangazi alikataa katakata shimo lile lifukiwe bure. Mwanamkuu aliomboleza, akagaragara, akamsifu marehemu mguu kwa kukanyaga kwake, kisha akala ubwabwa mpaka akalegeza khanga. Baba alikataa kuongoza sala, lakini nilimwona amevua kofia. Najua kilichomtoa shangazi kwenye kifo ni kisu. Ila kwa minong'ono yetu sisi, asingekikubali.

Alirudi Kigwa na magongo yake. Akajifunza kupalilia karanga akiwa amekaa kwenye kigoda, anakisogeza mstari kwa mstari, na aliyemwonea huruma alifukuzwa shambani.

Mwaka uliofuata nikampigia simu. Mwanamkuu, mzima wa afya, alikuwa ameanguka mbele ya karai la vitumbua asubuhi ile, na hakuamka. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaamini ninachokisema.

Shangazi alifika wanaume wakiwa wameshanyanyua jeneza. Akajitosa mlangoni, akaweka gongo lake moja kukatisha njia.

"Hatoki mtu."

Fikiri, mtoto wa marehemu, akatoa noti ya kumpa mtani apishe, kama desturi ilivyo. Shangazi aliusukuma mkono wake.

"Sitaki hela. Huyu alisema atakula ubwabwa wangu mara mbili. Kala mmoja. Amka, mtani. Mchele nimekuja nao."

Shehe akatazama chini. Mimi nilikuwa nimeshika ule mfuko wa mchele wa Kigwa, sijui niuweke wapi.

Taratibu shangazi akaondoa gongo, akaegemea ukuta, akaweka mkono juu ya jeneza.

"Basi nenda. Huko utaukuta mguu wangu, umekutangulia. Ukande kwa maji ya moto, kama wazee wenu walivyowakanda wetu."

Mwanamke mmoja ndani akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa khanga. Fikiri alikuwa analia. Jeneza likatoka, na shangazi akabaki mlangoni amesimama kwa mguu wake mmoja mpaka lilipokata kona.