Kinyozi wa Saa za Kigoma

Kinyozi wetu wa hapa Kalemie alivuka ziwa akakaa Kigoma siku tatu, akarudi balozi wa Tanzania asiye na mshahara. Mpaka leo saa yake ya mkononi inafuata majira ya kule, kwa hiyo anafunga saluni saa nzima kabla ya majirani. Mikono yake ni mitulivu. Ulimi ndio hauna kituo. Umeme ukikatika, anavuta kamba ya jenereta akihubiri: "Kigoma haukatikake!" Barabara za kule, kwa maelezo yake, hata kuku wanaona haya kuzichafua. Juzi mfanyabiashara wa Kigoma yenyewe alikaa kitini, akaitikia: "Kweli, ninyi Wakongo mnaishi vibaya." Kinyozi akazima mashine, nusu ya kichwa ikiwa bado na nywele. "Papa, simama. Utamalizia kwenu, kule njo kuko umeme."